Sasambua duka uone cha moto

Jamani mwenzenu nina duka la hadiwea huku Mbagala, duka lenyewe fremu moja tu, ukinyoosha mikono unashika ukuta huku na huku, ila mizigo iliyomo sidhani kama fuso moja linatosha kuibeba. Sasa mwezi uliopita nikaitwa semina ya wafanyabiashara wadogo, bure, chai na sambusa mbili, nani anakataa? Kumbe balaa langu lilianzia kwenye zile sambusa.

Mwezeshaji anatufundisha S tano za Wajapani, mbinu ya kupanga sehemu ya kazi: Sasambua (toa usivyohitaji), Seti (kila kitu na mahali pake), Safisha, Sanifisha (uwe utaratibu mmoja), Shikilia (usiache). Kama umewahi kukaa foleni hospitali ya serikali umeyaona yamebandikwa ukutani, anasema yalianzia hospitali ya rufaa Mbeya 2007 ndo yakasambaa. Mimi miaka yote nilijua ni masharti ya wagonjwa. Halafu akasema Wajapani upotevu kazini wanauita "muda". Muda! Na kuna bwana mmoja wa Toyota, Taiichi Ohno, alikaa akauhesabu akapata aina saba. Nikamnong'oneza jirani yangu, mbona mi muda nimeupoteza tangu nazaliwa, sema sikujua kama naongea Kijapani.

Tukapewa kazi ya nyumbani, kamhudumie mteja mmoja uhesabu dakika. Haya, kaja mama anataka koki ya nusu inchi. Dogo, koki ipo? Dogo hajui, anataka kupanda ngazi, ngazi imezibwa na ndoo za rangi, anatoa ndoo nje kwanza, anapanda, anashuka na boksi limeandikwa koki ndani kuna bawaba, anapanda tena, mi huku natafuta daftari la bei, daftari lipo chini ya mizani ya misumari, mama kalipa kwa lipa namba, meseji haiji, tumekaa tunaangaliana kama wachumba, meseji imekuja natafuta mashine ya risiti, mashine imezima, chaja kaazima fundi simu. Dakika 22. Faida ya koki buku moja!

Basi Jumapili nikafunga duka nisasambue. Utaratibu ni kwamba kitu ambacho huna uhakika nacho unakibandika kadi nyekundu umeandika tarehe, siku ulizopanga zikipita hakijaguswa kinaondoka. Nikanunua manila nyekundu nikakata, mimi na dogo tukabandika, mpaka saa sita mchana duka lote jekundu utadhani jukwaa la Simba siku ya dabi.

Na hapo ndo nikagundua kitu, yaani nusu ya makorokoro hata si yangu! Ndoo mbili za mama ntilie. Baiskeli haina tairi la nyuma. Begi la jamaa alisema anavuka Kigamboni mara moja anarudi, sijui kivuko kilimpeleka wapi. Miavuli mitatu. Mlango wa mninga mtu kaulipia 2021 akasema niwekee hapo kidogo. Hii "niwekee hapo kidogo" ndo imeniua mimi, watu wanapita dukani kwangu kama stoo ya mtaa, ukikataa unaambiwa una roho mbaya, ukikubali unalala na baiskeli ya watu.

Cha kwangu kabisa kilikuwa boksi la risiti. Sheria inasema utunze kumbukumbu miaka mitano, sawa, lakini ile karatasi ya mashine maandishi yanafifia kabla hata hujaizoea, nimefungua nakuta nimetunza karatasi nyeupe kilo nzima. Wajanja wanazitolea kopi mapema. Na kopi nazo si zinataka boksi lake?

Jumatatu tumefungua, wateja wakajaa. Nashangaa leo kuna nini, kumbe wameona kadi nyekundu wamejua ofa! Nikatoka kuswali adhuhuri, narudi dogo anacheka meno yote nje, bosi nimeuza zile ndoo mbili kwa elfu sita. Nikahisi miguu inaisha nguvu. Yule mama ndo ananikopesha ugali mpaka mwisho wa mwezi. Akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, hakugomba hata, akaniuliza tu, "Kaka, na sufuria nazo utaniuzia lini?" Nilimnunulia ndoo mpya zenye mfuniko na bado siku tatu nilikula mihogo ya kukaanga.

Kwenye kuseti nako, nikabandika lebo kila boksi, kitaalamu kabisa, geti valvu, nipple, tii, elbo. Mteja anakuja anasema nipe kile kidude cha kuzungusha maji yakate. Dogo anasoma lebo moja moja haoni kidude. Siku ya pili nikachana zote nikaandika upya: KIDUDE KIKUBWA, KIDUDE KIDOGO, KIDUDE CHA CHOONI. Mambo yakanyooka palepale, daftari nimelitundika kwa kamba, chaja nimeifunga kwenye nondo ya dirisha fundi simu aje achaji hapohapo akiona tunamwangalia. Koki sa hivi dakika nane, na tano kati ya hizo ni za kusubiri meseji, hapo hata Mjapani angekaa chini.

Umebaki mlango. Kadi yake siku zake ziliisha Ijumaa, nikasema wallahi leo nauuza nirudishe hela ya ndoo. Saa kumi mwenyewe huyo hapo, anataka misumari robo kilo.

"Mzee wangu, mlango wangu upo?"

"Upo, uchukue sasa."

Akaucheki, akaupangusa vumbi kwa kiganja taratibu kama anampapasa ng'ombe, akaibandua ile kadi akanikabidhi.

"Uache tu ukae, nyumba haijafika hata kwenye lenta. Halafu kesho nakuletea na fremu yake."