Kwa Nini Ziwa Victoria Halina Nungu wa Baharini

Kwa miaka kadhaa niliyofundisha biolojia hapa Uganda, nungu wa baharini nilimpa mistari miwili tu ubaoni: ana miiba, huishi baharini. Wanafunzi waliikariri, wakaiandika katika mtihani, wakaisahau kabla ya likizo kwisha. Kisha nikaenda Mombasa, nikatembea juu ya mwamba wakati wa maji kupwa, nikamkanyaga mmoja, na miiba yake myeusi ikanikatikia kisiginoni. Tangu hapo ninaamini kwamba nchi isiyo na pwani inapaswa kumfundisha mnyama huyu kwa kina kuliko nchi yenye pwani, na kwamba somo lianzie kwenye swali ambalo mtoto wa Entebbe angeliuliza mwenyewe: mbona ziwani kwetu hayumo?

Umbali wa bahari si jibu. Samaki, kaa, konokono na hata sifongo wana jamaa wa baharini na jamaa wa maji baridi. Lakini kundi la nungu, pamoja na ndugu zake kiti cha pweza na jongoo bahari, lina spishi hai zipatazo 7,000, na hakuna hata moja iishiyo katika maji baridi popote duniani. Sababu imo mwilini mwake. Nungu hutembea na kujishikiza kwa mamia ya vimiguu laini mfano wa mirija, ambavyo hunyooka kwa msukumo wa maji yanayopita katika mfumo wa mifereji ya ndani, na majimaji ya mwili wake yana chumvi karibu sawa na ile ya bahari inayomzunguka. Hana figo wala kiungo kingine cha kusawazisha chumvi hiyo. Ukimtia katika Ziwa Victoria, maji yatampenya, atavimba na kufa. (Ziwa Katwe nalo, kwa mwanafunzi atakayeniwahi, lina chumvi nyingi mno kupita bahari, tena ya mchanganyiko mwingine.)

Mwili wenyewe umepangwa kwa sehemu tano zinazofanana. Mdomo uko chini, una meno matano yaliyoshikwa na kiunzi ambacho Aristotle alikifananisha na taa. Meno hayo hukua maisha yote na kujinoa yenyewe yanapokwangua mwani juu ya jiwe. Ila lava wake, yaani mtoto aliyetoka yaini, anayeelea na mikondo ya maji, ana upande wa kushoto na wa kulia kama mtoto wa binadamu, na mpangilio wa tano hujitokeza baadaye tu. Tena, kwa jinsi kiinitete chake kinavyokua, wanabiolojia humweka karibu na sisi kuliko wadudu, jambo ambalo darasa langu halijawahi kulisadiki mara ya kwanza.

Mayai yake, ambayo mengi hurutubishwa nje ya mwili ndani ya maji, yamewafaa watafiti sana. Katika mayai hayo Oskar Hertwig aliona, miaka ya 1870, kiini cha mbegu kikiungana na kiini cha yai. Mwaka 1982 Tim Hunt aligundua humo protini zinazoongoza mgawanyiko wa seli, akashiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2001. Katika miaka iliyo kati ya hao wawili alikuwepo Ernest Everett Just, Mmarekani mweusi aliyechunguza mayai ya jamii hii huko Woods Hole, kituo cha utafiti wa viumbe vya baharini nchini Marekani, na ambaye kwa maoni yangu angestahili kutajwa katika kila darasa la Afrika.

Hata hivyo, ninachokithamini zaidi ni somo lake la ikolojia, kwa sababu linatuhusu. Katika miamba ya matumbawe ya Kenya, utafiti wa miaka mingi wa Tim McClanahan ulionyesha kwamba palipovuliwa sana nungu walikuwa wengi mno, ilhali ndani ya hifadhi walikuwa wachache, kwa kuwa huko kikande, samaki anayewavunja na kuwala, aliachwa akaishi. Nungu wakizidi hukwangua mpaka matumbawe yenyewe, na mwamba ukamomonyoka. Basi ni waharibifu? Hapo ndipo ninapokataa. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliwaua zaidi ya asilimia 90 ya nungu weusi wa Karibi, na katika maeneo kama Jamaika, ambako samaki walao mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa, mwani uliyafunika matumbawe. Mnyama ni yuleyule. Kilichobadilika ni idadi yake na wale walio juu na kando yake katika mlo.

Mvuvi wa Masaka anaielewa hoja hii bila kuiona bahari. Sangara, tumwitaye mputa, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka, na furu, yaani nkejje wa mamia ya spishi, wakapungua vibaya. Wengi wao walikuwa walaji wa mwani na uchafu wa majini. Mfano haulingani kila kipengele, kwani kule aliyeondolewa ni mbuai na huku ameletwa, tena ziwani mwani hukuzwa pia na mbolea na maji taka. Lakini swali la kumuuliza mwanafunzi ni moja: nani anamla nani, na itakuwaje mmoja akitolewa au akiongezwa?

Kipindi changu kijacho kitaanza na ganda tupu nililoliokota Mombasa, lenye vitundu vidogo ambamo vimiguu vilipita. Nitaliweka mezani bila kusema neno, niwaache wahesabu safu za vitundu hivyo.