Mke Halali Hayumo kwenye Video

Ndugu zangu, nyumbani kwangu hapa Sombetini kuna wapangaji wawili wasiolipa. Kodi hawachangii, umeme hawachangii, sukari hawajui inauzwa shilingi ngapi, ila ndani ya simu yangu wana nafasi kuliko mimi niliyeinunua. Mmoja anaitwa Jumong, mwenzake Soseono. Ni Wakorea, wapenzi wa kwenye tamthilia iitwayo Jumong. Huyo Jumong, kwa hesabu za Wakorea wenyewe, ndiye aliyeanzisha ufalme wa Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo. Yaani mtu kaanza kutawala Yesu hajazaliwa, leo ndiye anayemaliza bando langu la wiki ikifika Jumanne.

Kama ulikuwepo nchi hii zama za CD sina haja ya kukusimulia. Tamthilia yenyewe ilionyeshwa kwao Korea mwaka 2006 mpaka 2007, sehemu 81. Huku kwetu ikaja na machinga, imebanwa kwenye visahani vinavyokwama kila upanga unapochomolewa. Watu walifunga maduka mapema. Vijana walichonga pinde, kuku wa mtaa mzima wakawa hawana amani. Mama Neema ndiye alinimaliza kabisa: maharage yanaungua jikoni, yeye yuko Buyeo, ule ufalme wa kwenye tamthilia. Baadaye visahani vikachubuka, deki ikafa, nikamshukuru Mungu kimyakimya. Nikajua yamekwisha.

Yamekwisha wapi! Neema kakua, kaingia chuo cha habari, kajifunza kuediti. Siku hizi ile tamthilia nzima iko kwenye fleshi, na binti yangu anaikatakata vipande anamrudishia mama yake ikiwa imenyunyiziwa maua.

Kwa asiyeyajua mambo haya, ni hivi. Unachukua masaa themanini ya watu kupigana, kusalitiana na kujenga nchi, unachomoa macho. Macho tu! Vita hawataki. Ile safari ya kwenda Gosan kutafuta chumvi, ambayo mimi kama mtu wa biashara niliiona ndiyo sehemu ya maana kuliko zote, hawaitaki, labda pale Soseono anapogeuka na upepo unampiga nywele. Wanachotaka ni Jumong anatazama, Soseono anatazama, Jumong anatazama tena. Inawekwa slomo, inawekwa wimbo wa kuumia, kila ngoma inapodunda picha inabadilika. Sekunde arobaini. Halafu inapandishwa mtandaoni na maandishi: kapo langu milele. Na watu wazima, wenye watoto na marejesho ya vikoba, wanalia.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu jirani na soko la Kilombero. Kukata na kuunga nakujua. Siku moja nikaketi nyuma ya Neema nimtazame anavyofanya. Kachukua jicho la Jumong kutoka huko mwanzoni, kijana hajaota hata ndevu, kaliunga na tabasamu la Soseono la karibu na mwisho, mama wa watoto wawili. Mshono hauonekani! Kwenye kitenge ukifanya hivyo mteja anakuitia mgambo. Nikamuuliza, "Mwanangu, hapa kwenye tamthilia yenyewe Jumong alikuwa anamtazama nani?"

Akacheka. "Farasi, baba."

Jamani. Huruma yote ile, machozi yote yale ya mama yake pale kwenye kochi, ni ya farasi! Nikamwambia huo ni utapeli. Akanijibu kisomi kwamba kulikuwa na Mrusi anaitwa Kuleshov, karne iliyopita, alichukua uso wa mwigizaji mmoja usiobadilika chochote, akauunga na sahani ya supu, kisha na jeneza, watu wakasifu wakisema ona jamaa anavyoona njaa, ona alivyo na majonzi. Mtazamaji ndiye anayejaza mwenyewe. Nikamwambia sawa, lakini huyo Mrusi alimtumia mtu na supu. Hakumdanganya mama yako.

Na usidhani kazi yenyewe ni laini. Fleshi tuliyonayo ni ile iliyotafsiriwa na dijei. Sasa dijei wetu, Mungu ambariki, hawezi kunyamaza. Pale Jumong na Soseono wanapotazamana kwa mara ya kwanza baada ya kuteseka mno, dunia imetulia, yeye anaingilia: "Sasa hapo jamaa anawaza, nimwambie nisimwambie, manzi mwenyewe mkali!" Neema anafuta sauti yote anaweka wimbo. Akiweka wimbo wa watu, mtandao unaukamata, maana wenye nyimbo wamekabidhi nakala zao na mashine inalinganisha sauti kwa sauti. Wimbo ukifanana, video inabaki bubu. Basi wenzake wamemfundisha kuuharakisha kidogo. Sasa mwimbaji mtu mzima, sauti nzito ya kukufanya ukumbuke madeni, anasikika mtoto wa chekechea anayelia kuachwa. Mama Neema anasema ndio unamchoma zaidi. Mimi nikamkumbusha Neema kwamba nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Akasema ameisoma chuoni. Akaendelea kuharakisha.

Hayo yote ningeyavumilia. Bando ningelivumilia. Hata lile la vipimo nilikuwa nakaribia kulimeza. Mimi vipimo vya wateja huviandika kwenye karatasi nikazipiga picha, maana daftari panya walishalila. Juzi kaja mwenyekiti wa kwaya kuulizia sare, nafungua simu mbele yake kwa madaha yote: kifua hakuna, kiuno hakuna. Walipokuwa waimbaji wa sauti ya pili, kakaa Soseono juu ya farasi.

"Neema, kwaya iko wapi?"

"Baba, simu iliandika imejaa."

"Ndio ufute waimbaji?"

"Nilifuta zenye ukungu tu."

Arusha hii, mwezi wa saba, picha gani haina ukungu?

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kingine. Ni Ye Soya. Nasema wazi, mimi ni mtu wa Ye Soya, sijifichi. Jumong kaanguka vitani, wenzake wamemlilia wakijua kafa, nani alimwokota? Nani alimuuguza? Ye Soya, binti wa kabila la Hanbaek. Soseono kwa upande wake kaambiwa mtu wako hayupo tena, yule Daeso, mwana wa mfalme wa Buyeo, anamtolea macho amfanye kimada, kaolewa na Wootae. Simlaumu, ningekuwa baba yake ningemshauri vilevile. Jumong anarudi mzima, anakuta mambo yameshakuwa mambo, anamuoa Ye Soya. Ndoa halali, wakubwa wanajua. Kisha bwana anaondoka kwenda kujenga taifa, mke anabaki Buyeo mateka, mjamzito, na mama mkwe. Anamzaa Yuri humohumo kwenye shida. Wanapotea, wanahangaika miaka. Huku nyuma Wootae kafa, mume kaoa tena, kamuoa Soseono. Sasa huyo, ndugu zangu, kwenye video hayumo! Hata sekunde moja! Mke halali kakatwa na mkasi wa binti yangu wa kumzaa.

Nikilisema hili nyumbani naonekana mchawi. Mama Neema ananitazama: "Baba Neema, wewe mapenzi huyajui. Ye Soya alikuwa muuguzi tu."

"Muuguzi gani anazaa na mgonjwa?"

"Moyo wa Jumong ulikuwa kwa Soseono."

"Na mwisho Soseono kafanya nini? Ye Soya na Yuri walipopatikana, si kakusanya watu wake na wanawe, Biryu na Onjo, kaenda zake kusini? Yeye mwenyewe alijua mwenye nyumba ni nani. Nyie mnamng'ang'aniza."

Kimya. Halafu usiku nafungua stetasi yake WhatsApp: Soseono anaondoka, Jumong anatazama, mvua ya maua, na maneno "wapo wasioelewa upendo hata wakae nao nyumba moja." Stetasi hiyo imeonwa na shemeji zangu wote wa Machame. Mmoja kanipigia simu kuuliza kama kuna tatizo tukae kikao.

Nikadhani kazini ndiko nitapumzika. Wiki iliyopita kaingia binti na shangazi yake, sendofu imekaribia, wanataka nguo. Nikawakaribisha, nikatoa utepe. Binti hakutoa kitambaa, katoa simu. "Fundi, nataka hivi." Natazama: nguo inapita, taa inamulika, moyo unapasuka, nguo imeondoka. Nikamwambia simamisha nione mshono. Kasimamisha, ua limekaa juu ya bega. Kasimamisha tena, mshale. Kasimamisha mara nyingine, uso wa Jumong umejaa kioo kizima, ananitazama mimi, na sijui hapo aliungwa na farasi yupi. Rangi nayo ni kesi. Hawa watoto wanapaka picha rangi upya ndio ionekane ya huzuni. Shangazi anasema nyekundu, binti anasema pichi, mimi naona zambarau. Mkono wa nguo unaanzia wapi haijulikani. Nikauliza, "Hakuna video ambayo huyu dada amesimama tu, ametulia?"

"Fundi, akisimama tu nani atatazama?"

Ikabidi tutafute sehemu yenyewe nzima. Tukakaa, mimi, binti, shangazi na mama wa ndizi mbivu aliyesikia sauti akaingia, tukatazama baraza zima la vita tukisubiri Soseono apite mlangoni tuone kiuno cha nguo. Alipopita, shangazi akaanza kulia, hakuna aliyetazama kiuno.

Mwisho binti akaniuliza kwa upole, "Fundi, huyu aliyetengeneza hii video si mtu wa hapahapa Arusha? Jina lake hilo hapo chini." Nikaweka miwani. Mwanangu! Nikasema kwa fahari kidogo, siwezi kukataa, kwamba huyo ni binti yangu. Nilijua sasa ninaheshimiwa. Shangazi akafuta machozi, akasema, "Basi, baba, tupunguzie bei. Sisi ni mashabiki."

Nikarudi nyumbani nimevimba. Nikamwambia Neema haya ni mambo ya kitoto, yamekuja na simu, na simu zikipita yatapita. Akasema hapana, baba, yana wazee wake. Mwaka 1975, huko Marekani, mwanamke anaitwa Kandy Fong alipanga picha za slaidi za tamthilia ya Star Trek akazichezesha na wimbo mbele ya mashabiki wenzake. Baadaye wakaja akina mama wengine na deki mbili za video, moja inacheza, nyingine inarekodi, saa mkononi, wanahesabu sekunde ili picha ifike pamoja na ngoma. Ukikosea, unarudia.

Hapo niliwaheshimu hao akina mama, nasema kweli, hasa kwa kuwa deki hailambi bando. Ila 1975! Mwaka huo Zanzibar ndio walikuwa na televisheni. Sisi Bara tulisubiri mpaka 1994. Sisi wa huku wapenzi wetu walikuwa wa michezo ya redio. Unamsikia dada anaongea, sura yake unajichorea mwenyewe kichwani, anavaa unachotaka wewe, na betri zikiisha unaziweka juani mapenzi yanaendelea. Hakuna mtu aliyefuta vipimo vya kwaya.

Dereva wa kifodi anayepaki mbele ya fremu yangu, ambaye naye ni mtu wa Ye Soya lakini kwa siri kwa sababu mkewe ni rafiki wa mke wangu, ndiye aliyenipa wazo. "Mzee, kulalamika hakusaidii. Mtengenezeshe binti yako video ya Ye Soya."

Nikamwendea Neema kwa adabu zote. Akasema inawezekana, ila kuna shida moja: hakuna macho. Jumong hamtazami Ye Soya vile.

Nikamwambia, "Yale ya farasi yamekwisha?"

Akanyamaza kwanza. Naona nilimgusa kwenye taaluma. Akasema, "Baba, ukiyapata mwenyewe nitaunga." Kwa hiyo tangu hapo, usiku nikitoka kazini, nakaa na fleshi, kalamu na karatasi, naandika: sehemu ya ngapi, dakika ya ngapi, anamtazama nani. Nguo ya sendofu haijashonwa mkono. Nimempata akitazama upinde kwa unyenyekevu mkubwa. Nimempata akimtazama mama yake mgonjwa, hiyo itafaa pale anapouguzwa. Nimempata pia akimtazama Ye Soya mwenyewe, vizuri kabisa, ila dijei naye hakukubali kupitwa, anasema juu yake, "Hapa jamaa anamkumbuka Soseono."

Jana usiku Mama Neema kanikuta kwenye kochi saa sita, shuka mabegani, nimeganda kwenye kioo. Hakusema neno. Kapiga picha. Iko kwenye stetasi.

Neema naye kashanitajia bei: bando la mwezi, malipo kabla ya kazi. Nimekubali. Nikamwambia kwa pesa hiyo basi aweke na Yuri, mtoto aonekane ana baba.

"Yuri ni bando lingine, baba."