Je, plazma ya leza inaweza kutueleza yanayotendeka ndani ya nyota?

Katika kitovu cha Jua, penye joto la nyuzi milioni 15 hivi, viini vya atomi huungana kwa nadra mno, ndiyo maana Jua limedumu mabilioni ya miaka. Nadra hiyo hiyo ndiyo inayowasumbua wanaotaka kuupima muungano huo maabarani. Mradi wa LUNA, uliofichwa chini ya mwamba wa takriban mita 1,400 huko Gran Sasso, Italia, ili kukwepa mionzi itokayo angani, ulipima kwa kiharakishi cha chembe, chombo kinachorusha viini kwa kasi vigonge shabaha, muungano wa viini viwili vya heli-3 (aina nyepesi ya heli) katika nishati zile zile za Jua. Kwenye nishati ya chini kabisa yalipatikana matukio mawili hivi kwa mwezi.

Wapo wanaosema leza itarithi kazi ya kiharakishi, na wana hoja nzito. Shabaha ya kiharakishi ni atomi kamili, na elektroni zilizofungwa humo hupunguza msukumano kati ya viini, hivyo kipimo kinazidi uhalisia. Ndani ya nyota elektroni ziko huru, na namna zinavyopunguza msukumano ni nyingine, kama mwanafizikia Edwin Salpeter alivyokokotoa mwaka 1954. Mtafiti wa kiharakishi hulazimika basi kuondoa athari moja kwa hesabu na kuongeza nyingine kwa hesabu, bila kuipima hiyo ya pili. Leza za OMEGA na NIF nchini Marekani, zenye miali 60 na 192, hubana kidonge cha mafuta ya nyuklia mpaka kiwe plazma halisi, yaani gesi ya moto mno ambamo elektroni ziko huru kama ndani ya nyota. Matunda yapo: kipimo cha OMEGA kilichochapishwa mwaka 2016 kilionyesha kuwa muungano wa triti (hidrojeni yenye nyutroni mbili) na heli-3 ni hafifu mno kuweza kueleza lithi-6 nyingi iliyoripotiwa katika nyota za kale.

Hata hivyo, plazma hiyo haitulii kama nyota. Huwaka kwa muda wa takriban sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde, joto na msongamano wake vikibadilika mahali hadi mahali, huku viini vyepesi na vizito vikiweza kutengana kabla havijaungana. Idadi ya miungano hubadilika sana joto likibadilika kidogo tu, kwa hiyo kosa dogo la kukadiria joto huzaa kosa kubwa katika jibu. Watafiti hujikinga kwa kulinganisha muungano wanaouchunguza na mwingine uliokwisha kujulikana, kama ule wa deuteri (hidrojeni yenye nyutroni moja) na deuteri, ndani ya kidonge kimoja. Ni mbinu nzuri, lakini ule unaojulikana ulipimwa kwa viharakishi. Leza, kwa maneno mengine, bado inategemea chombo inachosemwa kuwa itakirithi.

Kwa maoni yangu, thamani ya leza haiko katika kurudia vipimo vya LUNA, bali katika athari ya elektroni huru, ambayo kiharakishi hakiwezi kuigusa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa protoni mbili ndani ya Jua, athari hiyo huongeza kasi ya muungano kwa asilimia 5 hivi, kiasi ambacho makosa ya vipimo vya leza kwa kawaida hukizidi. Ili ionekane wazi, plazma inapaswa kuwa na msongamano mkubwa zaidi na kuwa baridi zaidi. Lakini kila inapopoa miungano hupungua, na mtafiti hujikuta tena na matukio machache mno ya kuhesabu.