Rambirambi ya Bundi

Mimi ni dereva wa gari la kukodi hapa Kigoma Ujiji. Nimebeba watu wa kila namna, hata bibi harusi mmoja aliyetapika njia nzima kutoka Kasulu. Lakini bibi harusi yule hakuniharibia ukweni. Aliyeniharibia ni yule mgeni wa ndege.

Alikuwa mzungu mtu mzima, mrefu, mkavu, Kiswahili amekisomea Unguja, kimenyooka kiasi kwamba aliwaambia "tafadhalini" hata mbuzi waliolala barabarani. Alikuja Kigoma kwa ajili ya bundi. Si bundi hawa wetu. Wa kwake anaishi Milima ya Itombwe, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Wataalamu walimpata mmoja mwaka 1951, halafu kimya, mpaka mwingine akanasa kwenye wavu mwaka 1996. Miaka 45, bundi wawili! Nikamwambia mzee wangu, hilo hata basi bovu halichelewi hivyo.

Kuvuka kulishindikana. Pale Kibirizi, kwenye maboti ya Kongo, kila aliyemuuliza alimtajia vita kwanza, nauli baadaye. Akanywea siku nzima, chai haimshuki. Jioni akaja na shauri jipya: kama wa Itombwe hapatikani, basi angalau amwone bundi mvuvi. Huyu ni bundi mkubwa, rangi ya kutu, uzito unapita kilo mbili, panya hana habari naye. Anakaa juu ya mti ulioinamia mto, usiku anateremka kuopoa samaki. Naye si rahisi kumwona, wapo waliozunguka Afrika nzima wakimtafuta. Nikamuuliza kwa nini asiende kumtazama korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu, maana mabwawa yetu ya Malagarasi na Muyovosi yana sifa hiyo duniani. Akasema huyo alishamwona Uganda. Alivyolisema utadhani amempita stendi.

"Una mtu yeyote karibu na mto?" akaniuliza.

Ninaye. Baba mkwe wangu anaishi kijiji kimoja kabla ya Nguruka, shamba lake linateremka mpaka kwenye mafunjo ya Malagarasi. Tukafunga safari na sukari, migebuka ya kukausha na dumu la mawese, kama inavyotakiwa mtu akienda ukweni.

Tulimkuta mzee ana malaria. Dawa alishaanza, ila mwili ulikuwa haujampa ruhusa. Alijikongoja akatoka sebuleni, shikamoo zikapokewa, akamgeukia mgeni.

"Huyo bundi ukimpata, unamla?"

"Hapana, mzee wangu. Ninamwandika tu kwenye daftari."

Baba mkwe akanitazama mimi, siyo yeye. Halafu akarudi kulala.

Kiza kilipoingia mgeni akatoa kispika cheusi chenye kadi ndani yake. Kadi ina mlio wa bundi mvuvi. Akanieleza: ukiupiga, mwenye eneo anadhani amevamiwa, anajibu, nawe unajua yuko wapi. Akakifunga kispika kwenye mkuyu ulioko mwisho wa shamba la mzee, akauweka mlio ujirudie wenyewe, kisha tukaingia kwenye mtumbwi wa shemeji ili tukasikilizie ng'ambo. Mlio wa ndege huyu, aliniambia kwa fahari, husikika hata kilometa tatu. Kijiji chenyewe hakifiki hata moja.

Tulipofika katikati, mgeni akaona macho yanameta kwenye matete, akasimama kumulika. Mtumbwi ukayumba. Upondo ulikuwa umezama topeni, mimi nikaenda na mtumbwi, wenyewe ukabaki umesimama mtoni peke yake. Maji yakatubeba taratibu yakatuingiza ndani ya mafunjo, yakatuacha humo. Macho yaliyometa yalikuwa ya chura.

Na kispika kikaanza kazi. Kwanza sauti nzito ya kifuani, huuum, huuum. Halafu kinyamazo. Halafu yowe refu, la mtu aliyetumbukia kisimani na bado anateremka. Dakika chache zikipita, tena. Kukizima hatuwezi, kufika hatuwezi, kupiga kelele mgeni anakataza, ndege atakimbia. Mbu walikuwa wengi hadi wengine wanasubiri zamu. Kiboko alikuwa jirani, anapumua puuu, anatutafakari.

Kunituliza, mgeni akaanza kunihadithia juu ya ndege wagumu wa Afrika. Kule Ethiopia, kwenye uwanda wa Nechisar, mwaka 1990 watafiti waliokota kirukanjia, ndege wa usiku anayependa kutua njiani, amekufa barabarani. Alikuwa amebanjuka vibaya, wakachukua bawa moja. Bawa hilo likapelekwa kwa wakubwa, likapimwa na kulinganishwa, na mwaka 1995 ikatangazwa kuwa ni ndege mpya kabisa, hajulikani popote. Ndege mzima, na jina lake, kwa bawa moja! Nikauliza kama dereva aliyemgonga alitajwa. Hakutajwa. Ndivyo tulivyo sisi madereva, kazi tunafanya, sifa wanachukua wengine.

Tena kuna kirukanjia mwingine wa huko huko Itombwe, alipatikana jike mmoja mwaka 1955, basi. Nikaona milima hiyo ina desturi yake: ndege anajitokeza, anapiga picha ya kitambulisho, anaaga.

Alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, ndipo yowe likajibiwa.

Lilitoka upande wa kijijini. Refu, linapanda, linavunjika katikati. Mgeni akanishika mkono hadi kucha zikaingia. "Jike!" akanong'ona. "Anajibu!" Akainua kinasa sauti chake, mkono unatetemeka. Likaja la pili. La tatu. Kisha mengi kwa pamoja. Machozi yakamlengalenga. "Kundi zima," akasema, "haijapata kutokea."

Mimi nikatega sikio, na damu ikanikimbia. Ile sauti ya kwanza naijua. Ilinipokea kwa vigelegele siku ya harusi yangu.

"Mzee," nikamwambia, "yule si bundi. Yule ni shangazi wa mke wangu."

Vijana waliotoka kutega nyavu walitukuta kulipopambazuka. Wakatuvuta, na kabla hata ya salamu mmoja akavua kofia. "Pole sana, kaka. Mkweo alikuwa mtu wa watu."

"Amefanya nini?"

"Bundi kamlilia usiku kucha. Hakupumzika hata kidogo, yaani alikuwa na uhakika."

Tulipofika, turubai lilishasimama. Masufuria yapo mafigani, wanaume kwenye mikeka, sungusungu wenye filimbi wanaelekeza watu pa kuegesha baiskeli. Simu zilishapigwa mpaka Tabora. Mama mkwe yuko katikati ya akina mama, amejifunga kanga, analia. Baadaye alikuja kutuambia kwamba aliamka akakuta watu wanalia uani kwake, akaona si adabu kuuliza, akajiunga. Chumbani hakuna aliyeingia. Walikuwa wanamsubiri imamu.

Mlangoni kuna meza, na mezani daftari la rambirambi. Mkwe mzima sikuwa na pa kupita. Mfukoni nilikuwa na shilingi 2,000 zilizolowa, malipo ya safari bado yako kwa mgeni, na kumdai mgeni pesa mbele ya msiba haiwezekani. Nikaandikwa. Mgeni nyuma yangu akadhani ni kitabu cha wageni cha kijiji. Akavaa miwani, akatoa shilingi 50,000 za ada, akakaa chini aandike kwa utulivu: jina, nchi atokayo, na madhumuni ya safari.

Hapo ndipo mlango wa chumbani ulipofunguka.

Baba mkwe alitoka na msuli wake, jasho limemkauka, homa imeshuka, macho yana njaa. Akautazama umati. "Nani kafa?"

Sijawahi kuona turubai likihamwa haraka namna ile. Shangazi alikuwa katikati ya yowe, akalimeza. Mkuu wa sungusungu alipiga filimbi moja, sijui ya kumkamata nani, akaruka ua wa mabua na kuteremka shambani mbio, wenzake nyuma yake, wakapita chini ya mkuyu. Na kutoka kwenye ule mkuyu, karibu kabisa na kispika, likatoka dege kubwa lenye rangi ya kutu, miguu mitupu haina manyoya, likapiga mbawa kwa kishindo, likapita juu ya turubai, juu ya masufuria, juu ya kichwa cha mgeni, likaelekea mtoni. Lilikuwa limekuja usiku kumfukuza mvamizi wake.

Kijiji kizima kililiona. Watoto waliliona. Imamu, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki, aliliona. Mgeni alikuwa ameinama, anamalizia herufi ya mwisho.

Alipoambiwa hakulia. Alikaa tu pale mezani, akimwomba kila mtu ampe maelezo ya miguu. Baba mkwe alimweleza vizuri kuliko wote, maana yeye peke yake ndiye hakukimbia.

Uji ulipoletwa, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja kuulizia fedha zao. Mzee akaomba daftari. Akajisomea taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Huyu elfu tano. Na mbegu zangu za mahindi alizokopa? Huyu elfu kumi, kumbe anazo." Akafunika daftari kwa kiganja. "Harudishiwi mtu. Zikae. Siku yenyewe ikifika mtakuwa mmeshalipa."

Akalifunua tena. Alipofika kwa mgeni alisoma kwa sauti: "Elfu hamsini. Madhumuni: bundi." Akamwinulia mgeni kikombe cha uji. Kisha kidole kikapanda mstari mmoja juu, kikasimama.

"Na huyu wa elfu mbili," akauliza, "ni wa ukoo gani?"