Kompyuta Ikiingia Virusi: Uisafishe au Upige Windows Upya?

Kompyuta ya nyumbani ikianza kufungua kurasa ambazo hakuna aliyeziomba, ushauri huja wa aina mbili. Wapo watakaokwambia uweke antivirusi nzuri, uskani, ufute kitakachoonekana na uendelee na shughuli zako. Wengine watakwambia usipoteze muda, piga Windows upya, yaani futa diski na uiweke Windows tena kuanzia mwanzo, maana mashine ikishaguswa haiaminiki tena. Kila upande una watu wanaojua wanachokisema, ndiyo maana mabishano hayaishi. Tatizo langu nao ni kwamba wote hujibu kabla ya kuuliza kilichoingia ni kitu gani. Tangazo sumbufu lililojibandika kwenye kivinjari na programu iliyokomba manenosiri ya nyumba nzima havifanani hata kidogo, ingawa mwenye kompyuta huviita vyote virusi.

Nianze na uchaguzi wa antivirusi yenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu hupewa uzito kuliko linavyostahili. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows huja na antivirusi yake, ambayo leo inaitwa Microsoft Defender. Miaka ya mwanzo ilidharauliwa, na haikuonewa: kwenye vipimo vya AV-TEST, maabara ya Ujerumani, ilikuwa ikiburuta mkia. Siku hizi kwenye vipimo hivyo, na vya AV-Comparatives ya Austria, hukaa safu moja na zile za kulipia. Mtu anayesasisha Windows yake na aliye kwenye intaneti muda mwingi hana sababu kubwa ya kutoa hela.

Wanaotetea za kulipia wana hoja moja ambayo wapinzani wao huipita kimyakimya. Defender hutegemea sana seva za Microsoft ili itambue faili ngeni. Ukiikatia intaneti, uwezo wake wa kutambua hushuka kuliko wa baadhi ya washindani wake, na vipimo vya AV-Comparatives vimelionyesha hilo mara kwa mara. Kwa hiyo kompyuta ambayo haipo mtandaoni mara nyingi, inayopokea faili kwa flashi kutoka kwa huyu na yule, inaweza kweli kufaidika na antivirusi nyingine. Hayo mengine yanayopambwa kwenye matangazo, yaani VPN, kisafisha takataka na kitunza manenosiri, ni nyongeza za kukufanya uone bei ina haki.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Antivirusi hupewa mamlaka makubwa kuliko karibu programu yoyote kwenye mashine: husoma kila faili, huona kila tovuti, hufuta bila kuomba ruhusa. Mnamo Aprili 2010 sasisho la antivirusi ya McAfee liliiona svchost.exe, faili halali ya Windows XP, kuwa ni virusi, na kompyuta nyingi zikabaki zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Avast nayo, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliyofungwa mwaka 2020, ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake wanatembelea; Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka ilipe dola milioni 16.5. Na Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa Kaspersky, antivirusi ya kampuni ya Urusi, nchini humo, ikitaja hofu ya mkono wa Urusi, jambo ambalo kampuni imelikana. Si lazima ukubaliane na kila moja ya lawama hizi ili uone kuwa kuchagua antivirusi ni kuchagua nani umkabidhi funguo. Na umkabidhi mmoja. Antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hushikana mashati zenyewe, na kompyuta ndiyo inayoumia.

Sasa twende kwenye mabishano yenyewe.

Upande wa kusafisha una nguvu kuliko mafundi wengi wanavyokubali. Chukua kisa kinachowatisha watu kila siku. Kwenye kona ya chini ya skrini kinachomoza kiboksi chenye nembo ya antivirusi maarufu, maandishi mekundu, kinasema virusi vitano vimepatikana na ulinzi wako umeisha leo. Mtu anaskani, haoni kitu. Anaweka antivirusi ya pili, haoni kitu. Kiboksi kinarudi baada ya robo saa. Mara nyingi kwenye diski hakuna kirusi chochote: siku fulani, kwenye tovuti ya kuangalia mechi au kupakua filamu, aliambiwa abonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kwamba yeye si roboti, na kwa kubonyeza akaipa tovuti ile kibali cha kutuma arifa. Dawa iko kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa: ondoa kibali cha tovuti hiyo, basi. Kumpigia mtu huyu Windows upya ni kumtesa bure. Na kama tatizo lilikuwa kiendelezi kibaya (programu ndogo ya nyongeza) cha kivinjari ambacho kimehifadhiwa kwenye akaunti yake, kitarudi chenyewe dakika atakayoingia kwenye akaunti hiyo, Windows mpya au isiwe mpya.

Hata vinapokuwa vitu halisi, si vyote vinahitaji moto. Programu za matangazo, zinazobadilisha ukurasa wa mwanzo au kukupeleka kwenye mtambo wa kutafuta usioujua, husafishika vizuri. AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya takataka hizo. Microsoft Safety Scanner nayo ni ya bure, ila huisha muda siku 10 baada ya kuipakua, hivyo ile uliyoihifadhi kwenye flashi tangu mwaka jana haina kazi. Kwa vinavyojificha Windows ikiwa inatembea, Defender ina ukaguzi wa nje ya mfumo: kompyuta hujizima, hujiwasha, na kuskani kabla Windows haijapakia na kukipa kirusi nafasi ya kujifunika. Huo ndio ukaguzi ambao watu wengi hawaujui, na ndio ningeuanza mimi kabla ya kununua chochote.

Lakini upande wa pili nao si wa kupuuza, na hoja yao haijibiwi kwa alama ya kijani. Antivirusi ikisema tishio limeondolewa, inazungumzia kile ilichokiona. Mwaka 2014 Brian Dye, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Symantec, kampuni iliyokuwa ikiuza Norton, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba antivirusi imekufa, na kwamba inanasa takriban asilimia 45 tu ya mashambulizi. Teknolojia imesonga mbele tangu hapo, na yeye mwenyewe alikuwa na huduma nyingine za kuuza, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kama msahafu. Inatosha kwamba muuzaji mwenyewe alikiri kuna kinachopita.

Tazama kwa karibu kinachoweza kubaki. Fungua Windows Security, ingia kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi, shuka hadi kwenye orodha ya vitu vilivyoruhusiwa visikaguliwe. Kwa mtumiaji wa kawaida orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Kwenye mashine iliyovamiwa unaweza kukuta mstari mmoja mfupi, C:\, na hapo ujue umepigwa changa la macho: Defender imeambiwa isiguse diski yote. Itaskani kwa sekunde chache na kukupa jibu zuri kila siku. Kisha angalia kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe. Kazi moja yenye jina linalofanana na la Windows, inayoamsha PowerShell, zana ya Windows ya kuendesha amri, kila unapoingia kwenye akaunti, inatosha kupakua tena kile ulichokifuta jana. Tena kinachoingia kwanza mara nyingi ni mbeba mizigo tu. Waliomtengeneza hulipwa na wengine ili awaingizie programu zao, hivyo ukimkamata yeye hujui alishashusha nini.

Hapo ndipo wanaotaka kufuta kila kitu wanaposhinda hoja, kwa baadhi ya maambukizi. Lakini hata wao wana pengo.

Pengo lenyewe ni wezi wa taarifa. Programu kama Lumma haikai kwenye kompyuta kama mpangaji. Inaingia, inakusanya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, inavituma, na inaweza kuwa imemaliza kazi kabla hujafunga dirisha ulilolifungua. Mei 2025, Microsoft kwa kushirikiana na vyombo vya dola vya nchi kadhaa ilipovamia miundombinu ya Lumma, ilisema imeona kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa ndani ya miezi miwili tu. Mwenye kompyuta kama hiyo akiskani kesho yake anaweza asikute kitu. Akipiga Windows upya, manenosiri yake bado yako mikononi mwa watu. Kibaya zaidi ni vidakuzi: kidakuzi cha akaunti uliyoiacha wazi ni kama tiketi iliyokwisha kukaguliwa mlangoni, anayekuwa nayo hupita bila kuulizwa nenosiri wala ile namba ya uthibitisho ya hatua ya pili. Kwa hiyo kazi ya kwanza haipo kwenye mashine iliyoathirika kabisa. Ni kuchukua kifaa kingine kilicho safi, kubadilisha nenosiri la barua pepe kabla ya yote mengine, kisha kutumia kitufe cha kuondoka kwenye vifaa vyote. Antivirusi haifanyi hayo, na fundi wa kupiga Windows haoni kama ni kazi yake.

Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia vinageuza mabishano yote juu chini. Kukiondoa kirusi hakufungui faili. Kufuta diski kunaziondoa hata zile zilizofungwa, ambazo huenda siku moja zingefunguka: mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama, hutoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi hivyo, na funguo mpya huongezwa. Nakili faili zilizofungwa kwenye diski ya nje kwanza, ndipo uendelee.

Nirudi kwa mafundi, maana kuna jambo lao silielewi. Mtu amepata virusi kwa kupakua programu iliyokrakiwa, yaani ya kulipia iliyovunjwa kinga ili itumike bure. Anaambiwa mashine haiaminiki, anapigiwa Windows upya, halafu Windows hiyohiyo inatoka kwenye flashi isiyojulikana ilikotoka na inaamilishwa kwa kiamilishi cha wizi kinachodai uzime Defender kwanza. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Windows halali hutolewa na Microsoft yenyewe bila malipo ya kupakua; kinachotakiwa ni flashi ya angalau GB 8 na kompyuta nyingine safi ya kuitengenezea. Kama mashine ilikuja na leseni yake ya kidijitali, itaitambua yenyewe ikishaunganishwa na intaneti.

Sasa mpaka kati ya njia hizi mbili uko wapi? Mimi siuweki kwenye jina la kirusi, kwa sababu majina hayo kila kampuni huyaandika kivyake. Nauweka kwenye swali moja: kitu hicho kilifika, au kilifika na kikaendeshwa? Historia ya ulinzi ya Defender huonyesha faili ilikuwa wapi. Iliyonaswa kwenye folda ya vipakuliwa, ambayo hukuwahi kuibofya, haijafanya lolote, ifute, ulale. Iliyokutwa ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka data zake, ikiwa tayari inatembea, baada ya wewe kubofya kisakinishi na kukubali ombi la mamlaka ya msimamizi, hiyo imeshafanya ilichotaka. Ikiwa ni programu ya matangazo tu, safisha. Ikiwa ni mwizi wa manenosiri, mlango wa nyuma au kitu kinachomruhusu mtu kuiendesha kompyuta yako akiwa mbali, mimi nakaa na wale wa kufuta kila kitu, hata kama antivirusi tatu zimeshasema mashine ni safi. Na kompyuta inayotumika kwa benki au kazi ya watu wengine, shaka tu inatosha.

Ukifikia uamuzi huo, beba picha na nyaraka zako, acha visakinishi vyote. Kagua flashi zako pia: folda iliyogeuka njia ya mkato, yenye kishale kwenye kona na ukubwa wa KB moja au mbili, inaonyesha flashi ina kirusi chake, nacho kitaingia kwenye Windows mpya siku ya kwanza utakapoibofya. Folda halisi kwa kawaida bado ipo, imefichwa tu. Na kabla hujajaribu kuwasha mashine kwa flashi ili uokoe faili, hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski, ambao ni namba ya tarakimu 48. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski bila mwenyewe kujua, na bila ufunguo huo, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, picha ulizotaka kuziokoa hazitasomeka.