Umri wa dunia: nani alihesabu, na alihesabu nini?

Baadhi ya waumini husema dunia ina miaka kama 6,000 tu, kwa kuwa Biblia inasema hivyo. Isome Biblia kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hutakuta palipoandikwa kwamba dunia ina miaka 6,000. Nambari hiyo ni hesabu. Kuna watu walioketi na kalamu wakajumlisha. Aliyevuma kuliko wote ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye mwaka 1650 alitangaza kwamba uumbaji ulianza jioni ya kuamkia tarehe 23 Oktoba mwaka 4004 kabla ya Kristo. Siku hizi jina lake hutajwa ili watu wacheke, na huo ni uonevu. Ussher alikuwa msomi wa kweli. Alichukua vizazi vya kitabu cha Mwanzo, akavilinganisha na tarehe za wafalme wa Babeli na Uajemi, akatumia kila alichokuwa nacho. Hata wanasayansi Kepler na Newton, ambao hakuna anayewaita wajinga, walipiga hesabu za namna hiyo na majibu yao hayakuwa mbali na lake.

Ninaanzia hapo kwa sababu mjadala huu huwekwa vibaya tangu mwanzo. Tunaambiwa upande mmoja kuna neno la Mungu na upande wa pili kuna neno la wanadamu. Kumbe zote mbili ni hesabu za wanadamu, moja imepigwa juu ya maandiko, nyingine juu ya mawe. Kwangu swali ni hili: aliyehesabu akikosea, kuna njia ya kumkamata?

Tuanze na vizazi. Katika Mwanzo sura ya 5 na ya 11 tunapewa umri wa kila baba alipomzaa mwanawe. Kwa maandishi ya Kiebrania, Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi. Kwa tafsiri ya kale ya Kigiriki, ile iliyosomwa na Wakristo wengi wa karne za kwanza, alikuwa na miaka 230. Pengo hilo la miaka mia moja linajirudia kwa mababu wengi wanaofuata. Ndiyo maana Wabizanti, yaani Wakristo wa dola ya Kirumi ya Mashariki walioisoma nakala ya Kigiriki, walianza kuhesabu miaka ya dunia kutoka mwaka 5509 kabla ya Kristo, ilhali kalenda ya Wayahudi inaanzia 3761. Hao ni watu wanaoheshimu vizazi vilevile, nao wamepishana kwa zaidi ya miaka 1,700. Ukiuliza nani yuko sahihi, ndani ya hesabu yenyewe hakuna cha kuamua. Kila mapokeo yanashika nakala yake.

Kwa Waislamu jambo hili lina sura nyingine. Kurani inataja siku sita za uumbaji, lakini haitoi orodha ya umri wa mababu, kwa hiyo hakuna cha kujumlisha. Tena yenyewe inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu (22:47), na mahali pengine inataja siku ya miaka elfu hamsini (70:4). Ugomvi wao na sayansi, unapotokea, huwa zaidi juu ya asili ya mwanadamu kuliko juu ya umri wa ardhi.

Upande wa mawe nao una aibu zake, na waumini wana haki ya kuzikumbusha. Mwaka 1862 Lord Kelvin, mwanafizikia aliyeheshimika kuliko karibu wote wa zama zake, aliichukulia dunia kama tufe la moto linalopoa, akakokotoa imechukua muda gani kufikia joto la sasa. Alianza na kadirio pana, kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Kufikia 1897 alikuwa ameibana hadi kati ya milioni 20 na 40. Wanajiolojia walioona matabaka marefu ya miamba walilalamika kwamba muda huo hautoshi. Walinyamazishwa kwa uzito wa jina na fomula. Leo tunajua Kelvin alipungukiwa kwa zaidi ya mara mia moja.

Wengi husimulia kwamba kosa lake lilikuwa kutoujua unururifu, yaani atomi za elementi fulani kuoza zenyewe na kutoa joto, ambao mwanafizikia Becquerel aliugundua mwaka 1896. Lakini aliyemkamata mapema ni John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake. Mwaka 1895 Perry alionyesha kwamba ikiwa joto husafiri kwa wepesi zaidi ndani ya dunia kuliko Kelvin alivyodhani, umri unaweza kupanda hadi mabilioni. Fomula ya Kelvin ilikuwa safi. Kilichooza ni dhana iliyoitangulia. Muumini anaposema leo kwamba vipimo vya wanasayansi vimejengwa juu ya dhana, ana historia upande wake. Ila hadithi hiyohiyo inaonyesha pia kwamba mkubwa wa fani alipingwa na mdogo wake, kwa kalamu na hesabu, na mdogo akawa sahihi.

Basi tuzipime dhana za leo. Siku hizi umri wa mwamba hupimwa kwa unururifu huohuo: elementi moja huoza na kugeuka nyingine kwa mwendo unaojulikana, na mpimaji hulinganisha kiasi cha kila moja. Pingamizi linalorudiwa sana ni hili: mnajuaje kiasi kilichokuwamo mwanzoni? Ni swali zuri, na lina jibu zuri. Kuna fuwele ndogo iitwayo zirkoni. Inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, hukubali urani iingie ndani yake lakini huikataa risasi (metali, si ile ya bunduki). Risasi ikikutwa humo baadaye, karibu yote imezaliwa humohumo, urani ikigeuka polepole. Nayo urani ni ya aina mbili: urani-238 hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, na urani-235 kila baada ya miaka milioni 704. Punje moja ina saa mbili zenye mwendo tofauti. Risasi ikivuja, saa zinapingana na mpimaji anajua kuna hitilafu. Katika vilima vya Jack Hills, Australia, zimepatikana zirkoni ambazo saa hizo zinasoma takriban miaka bilioni 4.4. Dunia yenyewe ina umri mkubwa kidogo kuliko huo. Mwaka 1956 Clair Patterson alipima risasi ndani ya vimondo, mawe yaliyobaki tangu jua na sayari zinaumbika, akapata miaka bilioni 4.55. Vipimo vya leo vinasema 4.54.

Pingamizi la pili huletwa na mfano, na mfano wenyewe ni wa kweli. Lava iliyoganda katika miaka ya 1980 kwenye mlima Saint Helens, Marekani, ilipimwa kwa njia ya potasiamu na arigoni (gesi inayotokana na potasiamu ikioza), ikatoa umri wa miaka 350,000. Wanaoamini dunia changa huitaja kila mara. Lakini potasiamu inayotumika hapo hupungua nusu kwa miaka bilioni 1.25, na lava ile ilikuwa na fuwele kongwe zilizobeba arigoni ya zamani. Kuipima kwa njia hiyo ni kupima pete kwenye mzani wa malori. Mwaka 1997 wanasayansi walitumia njia ya ukoo huohuo, iliyoboreshwa, kupima majivu ya mlima Vesuvio, ambao tunajua kwa maandishi ya Warumi ulilipuka mwaka 79. Walipata miaka 1,925. Jibu sahihi lilikuwa 1,918.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: labda mwendo wa kuoza kwa elementi haukuwa uleule zamani. Taasisi moja ya Marekani inayotetea dunia changa, Institute for Creation Research, iliunda kundi la watafiti lililofanya kazi hiyo hadi mwaka 2005. Kwa uaminifu wa kusifika, walikiri kwamba miamba ina alama za kuoza kunakolingana na miaka zaidi ya milioni 500 kwa mwendo wa sasa. Wakapendekeza kwamba mwendo uliwahi kukimbia mno kwa muda mfupi. Pia walikiri tatizo lililofuata: kuoza kote huko kwa muda mfupi kungetoa joto la kuyeyusha miamba, na hawakuwa na maelezo ya kuridhisha ya lilikokwenda. Zaidi ya hayo, huko Oklo, Gabon, mwaka 1972 iligunduliwa kwamba urani iliwahi kuwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia karibu miaka bilioni mbili iliyopita. Mabaki yake yanaonyesha kwamba kanuni za nyuklia zilikuwa karibu sawa na za leo.

Kwangu ushahidi umelemea upande mmoja, na sioni faida ya kujifanya mizani iko sawa. Linabaki jibu moja ambalo vipimo haviwezi kulifikia: kwamba Mungu aliumba dunia ikiwa tayari na sura ya uzee. Mwaka 1987 watu waliona nyota ikilipuka katika galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban 168,000, yaani nuru yake huchukua miaka hiyo yote kutufikia. Kwa jibu hili, mlipuko huo haukutokea kamwe. Nuru yake iliumbwa ikiwa njiani. Hakuna kipimo kitakacholipinga. Ila wanateolojia wengi wamelikataa kwa sababu zao wenyewe, maana linamfanya Mungu aandike angani habari ya jambo ambalo halikutukia.

Wanaoshangilia sayansi nao huvuka mpaka. Miaka bilioni 4.54 haisemi kama kuna aliyekusudia. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyeweka msingi wa nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang) kuhusu mwanzo wa ulimwengu, alilijua hilo vizuri. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoikaribisha nadharia hiyo kama inayounga mkono uumbaji, Lemaître hakufurahi. Hakutaka imani ikae juu ya nadharia inayoweza kurekebishwa kesho.

Kinachowauma waumini makini si nambari yenyewe. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa ndani ya miamba, vikiwa na mamia ya mamilioni ya miaka, basi wanyama waliraruana na kufa muda mrefu kabla ya Adamu, ilhali Paulo anaandika kwamba kwa dhambi mauti iliingia ulimwenguni (Warumi 5:12). Wapo wanaojibu kwamba Paulo anazungumzia mauti ya watu, kwa kuwa anaendelea kusema iliwafikia watu wote. Wapo wanaosema jibu hilo ni jepesi mno: ulimwengu ulioitwa “chema sana” utakuwaje tayari na mifupa yenye uvimbe wa saratani? Mimi niko upande wa mabilioni, na bado naona hoja hii ya mwisho ni nzito kuliko wengi wa upande wangu wanavyokubali.