Narudi Kesho, na Sichukui Mzigo wa Mtu

Kuna watu hapa Leicester, Uingereza, tangu nifike kwa mdogo wangu sikuwahi kuwaona. Nilipolala na mafua mwezi Mei hawakuja kunijulia hali. Tukikutana kwenye shughuli za Watanzania walinipita kama hawanioni. Leo, siku yangu ya mwisho ya likizo, wote wamekumbuka kwamba mimi ni damu yao. Wanajua napitia Doha. Wanajua natua Dar saa ngapi. Wanajua tiketi yangu inaruhusu begi mbili za kilo 23. Mke wangu mwenyewe hajui habari za kilo 23.

Nyie mnaijua hii kadhia ya kubebeshwa mizigo ya watu, sina haja ya kuwaeleza. Nilijihami mapema. Wiki iliyopita niliandika kwenye kundi la WhatsApp, kwa staha ya mtu aliyewahi kuwa mjumbe wa mtaa: "Ndugu zangu, nafasi imejaa, naomba radhi." Lakini mji huu na matangazo haviivi chungu kimoja. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya jiji hili hili ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Wakaja. Wapo wanaosema tangazo ndilo lililowafungua macho kwamba kuna mji unaitwa Leicester. Nenda Belgrave Road leo uone maduka ya dhahabu yalivyopangana. Juzi nilikwenda kununua mzani wa kuning'iniza begi, mzee mwenye duka akanijibu kwa Kiswahili, "Chukua hii bwana, hii haidanganyi." Na kweli haidanganyi, ndiyo inayonitesa.

Basi na tangazo langu limefanya kazi ile ile: waliokuwa hawajui nasafiri, wakajua.

Alianza kijana mmoja na pafyumu. Akafuata mwingine na bahasha, anasema ni nyaraka tu, lakini ukiitikisa inagonga. Wa tatu kaleta taa ya nyuma ya Land Rover, kaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Hao niliwamudu. Niliwaambia hapana kwa sauti ya kikao, wakasema wamenielewa, wakaacha mizigo mlangoni na kwenda zao.

Halafu akaja dada mmoja wa Tanga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mzigo siwezi."

"Mzigo gani tena, kaka? Mimi nimekuja kukuaga."

Akavua viatu, akaketi, akaulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja mpaka akafika kwa kuku. Watu wa Tanga adabu wanayo, ila ikizidi kiwango jua kuna deni linakuja. Kamaliza chai, kasifia maandazi, kaniombea safari njema. Nikaanza kujilaumu kwa kumdhania vibaya. Hapo ndipo nikamwona shemeji anachungulia dirishani, kaziba mdomo kwa pindo la kanga.

Nje kwenye baraza kimesimama kile kigari wanachosukuma wazee wa huku wakienda dukani. Magurudumu manne, breki mbili za kubana kama za baiskeli, kiti cha kupumzikia, na kikapu cha kutilia mkate.

"Ni cha bi mkubwa, yuko Muheza," akasema kwa upole. "Miguu siku hizi haimpi."

"Pole sana, dada. Sasa hicho kitaingia begi gani?"

"Hakiingii begini. Unakwenda nacho."

"Nakwenda nacho wapi?"

"Unakisukuma, kaka. Vifaa vya wagonjwa ndege hazivitozi kilo. Ukifika uwanjani Heathrow, chechemea kidogo tu."

Nichechemee. Mimi. Mtu niliyesimama mbele ya mkuu wa wilaya nikasoma risala bila kukohoa. Nikainuka kwa hasira nimpe jibu lake, nikainuka haraka mno, goti likalia "ko!" Chumba kizima wakalisikia.

"Unaona?" akasema dada wa Tanga, kwa huruma ya kweli kabisa. "Tayari unalo."

Basi jamani, sijui ilikuwaje. Dakika tano baadaye niko katikati ya sebule nimeshika mipini, na ukoo mzima umekuwa kamati. Shemeji anafanya kazi ya kutunza wazee, kwa hiyo hapo aliingia kazini hasa. "Shemeji, mpini huo mrefu. Shusha mkono wima, mpini uje usawa wa kifundo cha mkono." Akalegeza skrubu, akashusha, akakaza. "Usikitangulize mbali, utaanguka. Simama ndani yake. Na kabla hujakaa, breki kwanza!" Nikaenda mpaka kwenye friji, nikageuka.

"Baba mkubwa," akasema mtoto mdogo, "ukienda unaumwa kushoto, ukirudi unaumwa kulia."

Wakaanza kubishana mguu gani unanipendeza. Mdogo wangu, tuliyezaliwa tumbo moja, akasema kulia. Shemeji akasema kushoto, maana ndilo goti lililolia, lina ushahidi. Dada wa Tanga akataka nikunje uso kidogo. Nikakunja. "Hapana kaka, huo uso wa mtu anayedaiwa. Kunja wa maumivu." Nikawaambia kwa huku nilikofikia, yote mawili ninayo.

Tukatoka nyuma kwenda kujaribu kwenye majani. Hapo ndipo jirani Mzungu akanyanyua kichwa juu ya uzio. Huyu bwana miezi yote hii tumezungumza mvua tu: inakuja, imekuja, itarudi. Leo kaniona na kigari, moyo ukamlainika, akauliza goti limepatwa na nini. Watoto wakaniangalia. Nikasema ni la zamani. Akauliza natoka Tanzania, siyo? Binti yake alipanda Kilimanjaro mpaka Uhuru, mita 5,895. Je, nilijiumiza huko? Sasa mimi wa Mbagala, mlima nimeuona kwenye chupa ya maji. Lakini pale nilikuwa nimesimama kwa niaba ya taifa. Nikashusha pumzi, nikatazama mbali. Akasema, "Pole sana," akaingia ndani, akarudi na dawa ya kuchua. Gramu mia hizo. Nazo nitaziweka wapi?

Tucheke, lakini tusemezane. Katika wote waliobisha hodi leo, yupo aliyeniuliza mimi nimenunua nini? Nimejinunulia koti moja. Moja! Limeshatolewa begini mara kadhaa kupisha dawa za presha za watu nisiowajua, na sasa imeamuliwa kikao bila mimi kwamba nitalivaa, juu ya sweta, juu ya shati, Dar yenyewe mnaijua. Na hilo koti nimelilipia kodi yote, maana ule utaratibu wa kumrudishia mgeni kodi yake uwanjani Waingereza waliufuta tangu 2021 ilipoanza. Huko nyumbani watu wanadhani mtu akitoka Uingereza anatembea na pauni zinadondoka. Akiba yangu imeishia kwenye viza na tiketi. Kwenye simu kuna ujumbe wa sauti wa shemeji mwingine wa dakika nne, na saizi ya kiatu kaitaja mwishoni kabisa, kwa kunong'ona.

Halafu kila mtu kafunga chake kwenye mifuko ya plastiki ya supamaketi, kana kwamba hawajui kwetu imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na abiria unatakiwa kuiacha uwanjani. Nimekaa sakafuni kufungua kimoja baada ya kingine. Zile nyaraka ni plagi za gari.

Video ya sebuleni watoto wameshaituma kwenye kundi la ukoo. Wa kwanza kujibu ni mke wangu. Hakuuliza goti. Kauliza kile kikapu cha mbele kinachukua sufuria namba ngapi.

Mdogo wangu ananiambia nikalale, basi la Heathrow linaondoka saa nane usiku. Nilale vipi? Huku Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, mapazia yenyewe mepesi, watoto wa mtaa bado wanapiga mpira ukutani. Na jirani, badala ya kupumzika, kawasha mashine anakata majani. Aliyakata Jumamosi! Yamekuwa marefu lini? Watu wana mashine ya kukata, mashine ya kupuliza, mkasi wa umeme wa kusawazisha pembeni, kwa majani yasiyoliwa na mtu wala mnyama. Kwetu unafunga mbuzi hapo asubuhi, jioni unamhamisha, kwisha, na mtaa unalala.